Mkuu wa chuo anataka tuache kulipia nakala na kukata bajeti ya vitabu: sheria inasemaje?

*"Mimi ni mkutubi katika chuo cha kati hapa Kenya. Tuna wanafunzi wapatao 1,800, wengi wao wa uuguzi, ualimu na biashara. Mkuu wetu amerudi kutoka kwenye kongamano na habari kwamba vyuo vikuu vya Kanada viliacha kulipia leseni ya kunakili vitabu kwa sababu mahakama yao ilisema elimu ni matumizi ya haki, na kwamba asilimia kumi ya kitabu chochote ni ruhusa. Sasa anataka mambo matatu: tuachane na leseni ya kunakili, kasma ya vitabu ikatwe nusu, na kitabu kikuu cha uuguzi, ambacho tuna nakala moja tu, kiskaniwe chote na kuwekwe kwenye jukwaa la wanafunzi. Mhadhiri mmoja tayari ameskani sura kadhaa na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nahisi kuna kasoro lakini sina maneno ya kumweleza. Tuko salama? Na kama tunakosea tufanyeje, maana pesa kweli hazipo?"*

Hisia yako ni sahihi, ila mkuu wako naye hajasema uongo mtupu. Amesikia habari ya kweli, akaikata katikati, kisha akaileta katika nchi yenye sheria nyingine.

Tatizo kubwa ni kwamba ametia mambo matatu kwenye gunia moja: ruhusa ya kunakili bila kumwomba mtu (ndiyo huitwa matumizi ya haki), ada inayolipwa kwa shirika la kukusanya mirabaha, na pesa za kununua vitabu. Chuo kinaweza kuacha kulipa ada ya shirika bila kuvunja sheria yoyote, halafu kikashtakiwa kwa sababu kimeendelea kunakili vilevile. Na kuacha kulipa ada hiyo hakupunguzi haja ya vitabu hata kidogo, kwa kuwa leseni ya kunakili haijawahi kuweka kitabu kwenye rafu ya mtu.

Tuanze na Kanada, maana ndiko habari ilikotoka. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya huko, nje ya Quebec, vilikuwa na mikataba na Access Copyright, shirika linalokusanya mirabaha kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Malipo yalikuwa ya namna mbili: dola 3.38 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa muda wote, na juu yake senti 10 kwa kila ukurasa wa vijitabu vya kozi, yaani yale makusanyo ya sura na makala anayoyapanga mhadhiri na wanafunzi wakauziwa mwanzo wa muhula. Mwaka 2010 shirika likapeleka kwenye Bodi ya Hakimiliki ya nchi hiyo pendekezo la ada moja tu: dola 45 kwa mwanafunzi wa chuo kikuu na 35 kwa wa vyuo vingine. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Kutoka 3.38 hadi 45 ni kupaa, lakini tazama hesabu kwa karibu, kwa sababu ndiyo utakayoihitaji kwenu. Ada mpya ilikuwa inaimeza ile ya senti 10. Mwanafunzi aliyenunua vijitabu viwili vya kurasa 300 kila kimoja alikuwa tayari ameshalipia mrabaha wa dola 60, mbali na zile 3.38. Kwa chuo kinachonakili kwa wingi namna hiyo, 45 ilikuwa nafuu. Kwa chuo ambacho wahadhiri wake wameshahamia kwenye majarida ya kielektroniki, yenye mkataba wake na malipo yake, ilikuwa ni kulipia kitu kilekile mara ya pili. Ada ilikuwa moja, ila kwa mmoja ilikuwa ahueni na kwa mwingine hasara, na tofauti yote ilitokana na idadi ya kurasa ambazo kila chuo kilinakili kweli. Ndiyo maana swali la kwanza la mkuu wako lingekuwa "tunanakili kurasa ngapi?" kabla ya "tunaweza kuacha kulipa?" Nadhani hakuna mtu chuoni kwenu mwenye jibu lake.

Baadhi ya vyuo vilijitoa. Chuo Kikuu cha York, kilichoko Toronto, kiliondoka mwishoni mwa Agosti 2011, kikaanza kufuata mwongozo wake chenyewe. Mwaka 2012 mambo mawili yakatokea karibu pamoja. Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwalimu anayewapa wanafunzi nakala za dondoo fupi hawezi kutenganishwa na wanafunzi hao wanaojisomea. Bunge nalo likaongeza neno "elimu" katika orodha ya madhumuni yanayoruhusiwa na kifungu cha matumizi ya haki. Access Copyright ikamshtaki York, ikashinda katika mahakama ya kwanza mwaka 2017, na tarehe 30 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema chuo hakilazimiki kulipa ada iliyopangwa na Bodi kama hakikuichagua.

Habari aliyoileta mkuu wako inaishia hapo. Kilichobaki nyuma ndicho chenye uzito zaidi.

Kwanza, hukumu ya 2021 ilihusu ada. Haikusema kwamba nakala za York zilikuwa halali. York iliomba mahakama itamke kuwa mwongozo wake ni wa haki, na majaji wakakataa kutoa tamko hilo kwa kuwa, baada ya ada kuonekana si ya lazima, hapakubaki mgogoro hai baina ya pande hizo mbili. Waliikosoa mahakama ya chini kwa kumtazama mno mwenye chuo na kumsahau mwanafunzi, lakini muhuri hawakuugonga. Tena walieleza wazi kuwa anayenakili kupita ruhusa bado anaweza kushtakiwa, na wa kumshtaki ni mwenye hakimiliki mwenyewe.

Pili, hiyo asilimia kumi haimo katika Sheria ya Hakimiliki ya Kanada. Ni kipimo ambacho vyuo vyenyewe vilijiandikia katika miongozo yao: asilimia kumi ya kazi, au sura moja, au makala moja ya jarida. Ni uzio ambao vyuo vilijijengea, na mwenye shamba hajautia saini. Sheria yenyewe, tangu hukumu maarufu ya mwaka 2004 iliyohusu maktaba ya wanasheria wa Ontario, inapima mambo sita kwa pamoja: umenakili kwa madhumuni gani, umegawa vipi, kiasi gani, kama kulikuwa na njia nyingine, kazi yenyewe ni ya aina gani, na soko la kitabu limeathirika vipi. Neno "elimu" linakuvusha tu kwenye lango la kwanza. Nyuma yake kuna mizani.

Tatu, vyuo vilivyojitoa havikuacha kutumia pesa. Viliendelea kulipia hifadhidata za majarida na vitabu vya kielektroniki, vikawa vinanunua vibali vya kazi mojamoja panapohitajika, na vikaajiri watu wa kusafisha hakimiliki, ambao kazi yao ya kutwa ni kukagua kila dondoo kabla halijamfikia mwanafunzi. Wachapishaji na waandishi wanalalamika hadi leo kwamba mirabaha yao imeanguka vibaya, na maktaba zinajibu kwamba pesa zimehama, hazikupotea. Kwa maoni yangu kila upande unasema nusu ya ukweli: pesa nyingi zilihamia kwa kampuni kubwa za majarida, na aliyeumia zaidi ni mchapishaji mdogo wa vitabu vya nyumbani, ambaye hana hifadhidata ya kuuza. Jambo hilo linafaa kumkaa akilini yeyote anayesomesha kwa vitabu vilivyochapishwa Nairobi.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kifungu chake cha matumizi ya haki, na maneno yake ni mengine. Inataja utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki au tathmini, na kuripoti matukio ya sasa, mradi chanzo kitajwe. Neno "elimu" au "kufundisha", kwa upana ule ambao Kanada waliuongeza mwaka 2012, halimo katika orodha hiyo. Shule na vyuo vimetajwa mahali pengine, kwa kipimo kidogo: unaweza kutia katika mkusanyiko uliotengenezwa kwa ajili ya shule au chuo kikuu vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, ukitaja jina la kazi na la mwandishi. Sheria imesema vifungu viwili vifupi, na haikusema sura wala asilimia. Kuna pia nafasi ya kutumia matangazo ya redio na televisheni katika ufundishaji wa utaratibu, lakini hilo si tatizo lako leo.

Kwa hiyo, katika lugha ya mkutubi, uliza kila mara ni nani anayenakili na ni kwa ajili ya nani. Mwanafunzi anayekuja na kitabu kwenye mashine ya fotokopi, akatoa kurasa nane za kujisomea, yuko ndani ya matumizi binafsi au karibu nayo sana. Chuo kinachotoa nakala 200 za kurasa hizohizo na kuzigawa kimekuwa kama mchapishaji mdogo. Wakili anaweza kusimama mbele ya jaji wa Kenya akataja hukumu za Kanada, na jaji akazisikiliza kwa heshima, kwa kuwa mila zetu za sheria zina asili moja. Hazimfungi, na maneno ya sheria aliyo nayo mezani ni haya ya kwetu. Msomaji wa Tanzania au Uganda naye asiyachukue haya ya Kenya kama yalivyo, kwa kuwa ana sheria yake.

Sasa kitabu cha uuguzi. Tuseme kina kurasa 640. Kukiskani chote na kukiweka kwenye jukwaa kunashindwa kila kipimo, cha Kenya na cha Kanada: kimechukuliwa kizima, kinakaa mtandaoni bila ukomo, kinaweza kupakuliwa na kusambazwa, na kinachukua nafasi ya nakala ambazo wanafunzi au chuo wangenunua. Vitabu vya kiada vimeandikwa kuuzwa darasani, kwa hiyo ukikiua kitabu cha kiada darasani umekiua sokoni kwake. Na kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau: ukurasa wa jina la kitabu chenu una muhuri wa maktaba na namba ya usajili. Ukiskani kitabu, umeskani na ushahidi. Faili hilo likitua mikononi mwa mchapishaji miaka mitatu baadaye, kupitia mwanafunzi wa chuo kingine kabisa, muhuri wenu ndio utakaozungumza.

Utetezi utakaousikia ni ule wa siku zote. "Tumekinunua, ni chetu." Mlichonunua ni karatasi, unaweza kuiazimisha, kuiuza, hata kuifungia maandazi, lakini haki ya kutengeneza nakala nyingine haikuuzwa pamoja nayo. "Hatuuzi, tunagawa bure." Kutopata faida husaidia kidogo katika mizani, hakukutoi kwenye kosa. "Tumemtaja mwandishi." Vizuri, hilo ni sharti la matumizi ya haki na halisimami mahali pa ruhusa. "Kiko kwenye intaneti tayari." Huenda aliyekiweka huko naye amekosea. Kenya, kuvunja hakimiliki ni suala la madai na pia la jinai, na anayewajibika anaweza kuwa taasisi pamoja na mtu aliyebonyeza kitufe. Mhadhiri wenu wa WhatsApp anafaa kulijua hilo.

Sasa tufanyeje. Usiende kwa mkuu na neno "hairuhusiwi" peke yake, utaonekana mzuiaji. Nenda na hesabu. Wiki nane kabla ya muhula kufunguliwa, waombe wahadhiri wote orodha za usomaji, hata kama wameziandika nyuma ya bahasha. Kila kipengele kipe mstari mmoja kwenye jedwali: somo, idadi ya wanafunzi, jina la kazi, mwandishi, toleo, ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu), ukurasa wa mwanzo na wa mwisho, jumla ya kurasa za kitabu, na nakala mlizo nazo. Halafu yagawe katika mafungu.

Fungu la kwanza ni vitu visivyohitaji ruhusa. Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Aliyefariki wakati wowote ndani ya 1974, kazi zake zimekuwa huru tangu 1 Januari 2025. Jihadhari: tafsiri mpya, utangulizi mpya na maelezo ya mhariri vina hakimiliki yake. Sheria za nchi na hukumu za mahakama zimeachwa nje ya kinga kabisa, kwa hiyo wanafunzi wa biashara wanaosoma sheria za mikataba wanaweza kupewa hukumu nzima. Muhtasari ulioandikwa na mchapishaji juu ya hukumu hiyo ni kitu kingine.

Fungu la pili ni vitu mlivyokwisha kulipia. Kama chuo kiko ndani ya KLISC, muungano wa maktaba za Kenya unaonunua hifadhidata kwa pamoja, huenda theluthi ya orodha ya mhadhiri imo humo na yeye hajui. Hapa kinachotawala ni mkataba, na mkataba unaweza kukupa zaidi ya sheria au kukunyima. Usome mwenyewe, utafute vipengele vitano: je, unaruhusu dondoo kuwekwa katika vijitabu vya kozi, je, faili linaweza kupandishwa kwenye jukwaa la chuo au mnaruhusiwa kiungo tu, msomaji wa kupita asiye mwanafunzi anaruhusiwa, watu wangapi wanaweza kufungua kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na mkiacha kulipa, mnabaki na miaka mliyokwisha kulipia au mnanyang'anywa yote. Penye shaka weka kiungo cha kudumu badala ya faili. Kiungo hakinakili kitu, na kinakupa takwimu za matumizi ambazo mkuu atazitaka wakati wa bajeti.

La tatu ni kazi zenye leseni huria, yaani ambazo wenyewe wamemruhusu mapema yeyote kuzitumia kwa masharti. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, una kitabu cha anatomia na fiziolojia kinachopakuliwa bure tangu 2013, na kwa mwaka wa kwanza wa uuguzi kinabeba sehemu kubwa ya msingi. Usiamini neno "bure" tu. Fungua ukurasa wa leseni. Alama ya BY inadai umtaje mwandishi, NC inakataza biashara, ND inakataza kubadilisha. Mhadhiri anayetaka kutafsiri sura kwa Kiswahili hawezi kutumia yenye ND, na wengi hugundua hilo baada ya kumaliza kazi.

Fungu la nne ni vitabu vya kununua, na hapa ndipo hoja ya kukata kasma nusu inapopimwa. Chukua darasa la wanafunzi 120 waliopewa sura moja ya kusoma ndani ya wiki mbili, na sura inahitaji saa mbili. Maktaba ikifunguliwa saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 144. Nakala moja kwenye azima ya muda mfupi, saa mbilimbili, inaweza kwa nadharia kuhudumia watu 72. Kwa nadharia tu, kwa sababu hakuna anayekuja saa moja asubuhi ya Jumatatu na wote huja Alhamisi ya mwisho. Chukua nusu: watu 36. Gawanya 120 kwa 36, unapata 3.3, yaani nakala nne. Kitabu kikiwa shilingi 6,500, hiyo ni 26,000, na toleo likidumu miaka minne ni 6,500 kwa mwaka kwa darasa zima, au shilingi 54 na ushee kwa mwanafunzi. Mna moja tayari, kwa hiyo za kununua ni tatu. Sidhani kama mkuu wako alijua kwamba anataka kuuvunjia sheria mzigo wa shilingi 54.

Nakala hizo nne zisitoke nje ya jengo. Zibandike alama ya rangi mgongoni, ziwekwe nyuma ya kaunta, faini ihesabiwe kwa saa. Maktaba nyingi hununua nakala za kutosha na kuziachia kwenye rafu ya kawaida, zikaazimwa kwa wiki mbili na watu wanne, kisha ikasemekana vitabu havitoshi.

La mwisho ni yale yanayohitaji kibali: sura ndefu, kitabu kilichoisha sokoni, mchoro unaotaka kuuchapa. Andikia kitengo cha haki cha mchapishaji. Barua itaje jina la kazi, mwandishi, toleo, ISBN, kurasa kutoka na hadi, idadi ya nakala, ni karatasi au faili, litakaa wapi na kwa muda gani, nani ataweza kulifungua, na kama wanafunzi watatozwa chochote. Ukiandika "kwa matumizi ya elimu" bila tarakimu, barua itakaa. Wape wiki sita hadi nane. Kimya si ruhusa. Umepata jibu unapokuwa na maandishi. Kwa wachapishaji wa hapa nchini piga simu kabla ya kuandika, maana mara nyingi anayekataa nakala 200 za bure atakubali punguzo kwenye nakala 30 za kununua, na hapo mmetatua jambo bila leseni.

Ukimaliza jedwali ndipo uzungumze habari ya leseni ya jumla. Kwa kazi zilizochapishwa, shirika linalojulikana hapa ni KOPIKEN, na mashirika ya namna hii hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambayo si ya milele. Omba kuona ya mwaka huo kabla hujatoa hundi. Kisha uliza kwa maandishi: leseni inahusu kazi za nani, za nje zimo, inaruhusu faili za kidijitali au karatasi tu, kikomo kwa kila kitabu ni kipi, nini kimetolewa (vitabu vya mazoezi, mitihani na nota za muziki mara nyingi huachwa nje), na kama mwanachama wao akitushtaki watatukinga. Kuhusu ada, usikubali kuhesabiwa vichwa. Kama katika wanafunzi 1,800 kuna 700 wa wikendi wanaochukua nusu ya masomo, ninyi mna wanafunzi 1,450 wa muda wote. Dai hesabu hiyo.

Je, mnaweza kuacha leseni? Ndiyo, na hapa mkuu wako ana hoja. Kama jedwali litaonyesha kwamba karibu kila kitu kiko kwenye mafungu manne ya kwanza, na kilichobaki ni vibali kumi kwa mwaka, kulipa leseni ya jumla ni kununua basi zima ili upande mtu mmoja. Mwambie hivyo, atafurahi. Lakini uamuzi huo unabeba gharama yake: lazima mtu, pengine wewe, apewe muda wa kukagua kila kijitabu cha kozi kabla hakijachapwa, na mashine ya fotokopi ya ofisi za wahadhiri iwekewe daftari. Chuo kisichotaka kulipa leseni wala kulipa mkaguzi kimechagua kuvunja sheria, hata kama hakuna kikao kilichoandika hivyo kwenye kumbukumbu zake. Na kama jedwali litaonyesha maelfu ya kurasa kila muhula, basi leseni ni rahisi kuliko barua 200.

Kitu kimoja pembeni, kwa kuwa hukukiuliza. Kenya iliingia katika Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mwanafunzi asiyeona, au mwenye ulemavu unaomzuia kusoma maandishi ya kawaida, ana mlango tofauti kabisa: kumtengenezea nakala ya sauti, ya Braille au faili linalosomeka na programu yake kunaruhusiwa kwa masharti. Kama mna mwanafunzi wa namna hiyo katika uuguzi au ualimu, kitabu kizima kinaweza kuskaniwa kwa ajili yake, akapewa yeye na kisigawiwe darasa.

Kuna mahali ambapo jibu la maandishi kama hili halitoshi, na umtafute wakili wa hakimiliki ana kwa ana: mkipokea barua ya madai, mkitaka kusaini mkataba wa hifadhidata wa miaka kadhaa, kama kuna mhadhiri anayewauzia wanafunzi vijitabu kwa faida yake, au chuo kikitaka kuchapisha moduli zake kikiwa kimechota kwenye vitabu vya watu. Kwa maswali ya kawaida, KECOBO wana ofisi Nairobi na hupokea taasisi zinazotaka kujua msimamo wa sheria. Nenda na jedwali lako mkononi. Barua ya madai ikija, msifute chochote kwenye kumbukumbu, fungeni ufikiaji wa faili, andikeni tarehe na saa mliyofunga, na mtu yeyote asijibu kwa simu au WhatsApp kabla wakili hajaisoma.

Ama yale mafaili yaliyokwisha kurushwa kwenye kundi la darasa, usisubiri kikao. Zungumza na mhadhiri huyo wiki hii, kwa utaratibu na bila barua ya onyo, ayaondoe yeye mwenyewe. WhatsApp humpa aliyetuma muda mfupi tu wa kufuta kwa wote, siku mbili na ushee, kwa hiyo ya zamani huenda yasifutike, na yaliyokwisha kupakuliwa hayatarudi. Mkabidhi palepale mbadala: kiungo cha kitabu huria kwa sura zinazolingana, na ahadi ya tarehe ambayo nakala tatu mpya zitakuwa nyuma ya kaunta.